Nilivyoipanua C ya Kompyuta Yetu ya Zamani Bila Kuisogeza D

Kompyuta ya mezani tunayoitumia nyumbani ni Dell OptiPlex 780 ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika kwa miaka kadhaa huko ilikotoka. Ina diski ya GB 320, RAM ya GB 4, na mpaka leo inaendeshwa na Windows 7. Ninajua kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mwezi Januari 2020, na kwa sababu hiyo kompyuta hii haiguswi kwa mambo ya benki wala barua pepe; kazi zake ni kuhifadhi picha za familia, kuandalia mitihani ya darasa langu, na kuchanganyia sauti za kwaya ya mke wangu.

Tatizo lake ilizaliwa nalo. Fundi aliyeiandaa dukani aliigawa diski sehemu mbili: C akaipa GB 40, na D akaipa yote iliyobaki, yaani GB 258. Ukijumlisha unapata 298 na si 320, lakini hakuna aliyeiba kitu, kwa kuwa kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Mgawo huo ulikuwa na maana zama za Windows XP, ambapo mfumo ulivurugika mara kwa mara na fundi akalazimika kupiga Windows upya: C ilifutwa, D haikuguswa, na picha za harusi zikabaki salama. Mfumo ukaja kubadilishwa na kuwa Windows 7, lakini mipaka ikabaki ileile ya zamani, na GB 40 zilizoitosha XP zikawa nguo ya mtoto aliyekwisha balehe.

Mwaka huu mstari wa C uligeuka mwekundu na ukakataa kurudi kuwa wa buluu. Nilifuta faili za muda, nikaondoa programu zisizotumika, kisha nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika powercfg -h off, amri inayozima uwezo wa kompyuta kulala huku ikiwa imeandika kumbukumbu yake yote kwenye diski. Faili la hiberfil.sys likatoweka na GB 3 zikarudi mara moja, jambo ambalo ninampendekezea kila mwenye kompyuta ya mezani ya aina hii, kwa maana faili hilo huchukua robo tatu ya ukubwa wa RAM hata kama hujawahi kuilaza mashine yako siku moja. Nafuu hiyo ilidumu wiki mbili.

Nilimpigia fundi ninayemtumia siku hizi. "Mwalimu, mbona rahisi hiyo," akasema, "niletee tu hapa tupige Windows upya, nitaigawa vizuri." Nilimshukuru na kumwambia nitamjulisha. Kupiga Windows upya kungeniondolea programu ya sauti ambayo sina tena faili lake la kusakinishia, na isitoshe, D ilikuwa na zaidi ya GB 100 zilizokaa bure. Nafasi ilikuwapo, ilikuwa imekaa upande usiofaa.

Neno upande hapa lichukuliwe kwa maana yake halisi. Patisheni, yaani sehemu hizo za diski kama C na D, zimepangwa kama viwanja kandokando ya barabara moja, na kiwanja hakiwezi kupanuka ila kwa kumega ardhi inayopakana nacho. Nilipofungua chombo cha kusimamia diski, ambacho hupatikana kwa kuandika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia, niliipunguza D kwa GB 60 bila taabu yoyote, nikafurahi, kisha nikabofya C kwa kitufe cha kulia ili niipanue. Amri ya kupanua ilikuwa ya kijivu. Niliipitishia mshale mara tatu kana kwamba ingeona haya na kuwaka. Sababu yake ni kwamba Windows huipunguza patisheni kwa kukata mwisho wake tu, upande wa kulia, kwa hiyo GB 60 nilizozipata zilikuwa nyuma ya D, na D yenyewe ilikuwa imesimama katikati kati ya C na hiyo ardhi mpya.

Kulikuwa na kikwazo cha pili ambacho sikukitambua mpaka nilipozitazama rangi kwa makini. Mstari wa juu ya C ulikuwa wa buluu iliyokolea, maana yake ni patisheni ya msingi, lakini wa D ulikuwa wa buluu nyepesi na wote umezungushiwa fremu ya kijani. Diski za kizazi hiki hutumia jedwali la MBR, lililoanza na DOS 2.0 mwaka 1983, na jedwali hilo lina nafasi nne tu za kuandikia patisheni. Ndiyo maana baadaye ikabuniwa patisheni maalumu ya kubebea nyingine ndani yake. Fremu ya kijani ndiyo mbebaji huyo. Nafasi tupu iliyomo ndani ya fremu huonyeshwa kwa kijani na haiwezi kuungana na C hata zikigusana. Mpaka itoke nje ya fremu na kuwa nyeusi, yaani isiyo na mwenyewe.

Dawa inayojulikana ya hali hii ni GParted, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows. Niliitengeneza flashi hiyo kwa Rufus 3.22, toleo la mwisho linalokubali Windows 7, nikaiwasha kompyuta huku nikibonyeza F12 ili niichague flashi. GParted ina uwezo ambao Windows haina: huweza kuubeba mwanzo wa patisheni na kuusogeza. Nikapanga hatua tatu zikae foleni: D isogezwe kulia kwa GB 60, fremu ya kijani ikatwe upande wake wa kushoto, kisha C ipanuliwe hadi inapoishia nafasi mpya. GParted haifanyi lolote mpaka ubonyeze alama ya kukubali, na hapo ndipo niliposita kwa muda mrefu.

Kusogeza D si kuandika namba mpya kwenye jedwali. Ni kusoma patisheni nzima pamoja na nafasi yake tupu, GB 198 baada ya kuipunguza, na kuiandika upya mbele kidogo kwenye diski ileile, huku kichwa cha kusomea kikienda na kurudi. Kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, ambayo ni makadirio ya haki kwa diski ya umri huu, kazi hiyo huchukua saa tatu. Umeme ukikatika katikati, nusu ya data imehama na nusu haijahama, na GParted haina namna ya kuendelea pale ilipoishia. UPS yangu, betri ikiwa katika siku zake nzuri, hushikilia dakika 15. Niliitazama taa ya sebuleni ikipepesa, kama ilivyozoea kila jioni majirani wanapoanza kupasha pasi, nikaifuta foleni yote na kuizima kompyuta.

Jambo lililonijia kitandani usiku huo ni dogo mno kiasi kwamba ninaona aibu kulieleza kana kwamba ni ugunduzi. Kila anayefundisha kazi hii huanza kwa kukuagiza unakili data yako yote mahali pengine kwanza, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kufanya hivyo. Basi, ikiwa kila kilichomo D kitakuwa na nakala salama nje, kuna haja gani ya kukisogeza? D ifutwe tu, C ipanuliwe, D mpya iumbwe mahali palipobaki, na data irudishwe. Kunakili kurudi nako kutachukua muda mrefu, lakini umeme ukikatika wakati wa kunakili, chanzo hakidhuriki na unaanza tena faili lililokatikia njiani.

Hatari ya njia hii ni moja na lazima itajwe wazi: tangu D inapofutwa mpaka data inaporejea, ile nakala ya nje ndiyo pekee uliyo nayo duniani. Kwa hiyo nilitengeneza mbili. Yote iliyokuwamo D, GB 150, ilikwenda kwenye diski ya nje kupitia USB 2.0, kazi ya karibu saa mbili, na vile visivyoweza kununuliwa, yaani picha na rekodi za kwaya, nikavirudia kwenye flashi ya GB 64. Kisha nikaichomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine na kufungua picha za miaka tofauti pamoja na nyimbo nne nikazisikiliza hadi mwisho, kwa sababu faili kuonekana jina lake si sawa na faili kufunguka. Nilichunguza pia afya ya diski yenyewe kwa CrystalDiskInfo. Kama ingeonyesha sekta zinazosubiri kuhamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoanza kushindwa kusomeka, ningeacha habari ya mipaka na kutafuta diski mpya.

Kilichofuata hakikufika dakika 5. Katika diskmgmt.msc niliifuta D, na eneo lake likawa la kijani. Nikaifuta fremu, likawa jeusi. Nikabofya C, na amri ya kupanua safari hii ilikuwa nyeusi na yenye uhai. Niliandika 61440, kwa kuwa chombo hicho hutaka megabaiti na GB 60 ni 60 mara 1,024, na C ikawa GB 100 papo hapo bila hata kuwasha upya. Sehemu iliyobaki niliiumba kuwa patisheni mpya ya NTFS, mpangilio wa faili unaotumiwa na Windows, nikahakikisha nimeichagulia herufi ileile ya D, kwa maana programu ya sauti inakumbuka kila wimbo kwa njia inayoanza na herufi hiyo, na ingepewa nyingine ingelalamika kwamba haioni chochote.

Urejeshaji ulianza saa tatu usiku na kwisha kabla ya saa sita. Nilipolinganisha idadi ya faili katika folda ya picha, D ilikuwa na pungufu ya mbili, na moyo ukapiga kwa nguvu mpaka nilipogundua kwamba zote mbili ni Thumbs.db, faili fiche ambazo Windows huzitengeneza yenyewe na ambazo mimi mwenyewe nilizifuta wakati wa kusafisha. Asubuhi mke wangu alifungua wimbo wa mazoezi ya Alhamisi, akausikiliza, akauliza kwa nini sauti ya besi iko chini. Hilo lilikuwa hivyo tangu walipourekodi.