Mshahara Unaouandika Ndio Fidia Atakayolipwa

Natunza hesabu za biashara ndogo za Moshi na Arusha: karakana za useremala, mafundi wa kuchomelea vyuma, gereji mbili tatu, na kampuni za utalii ambazo ofisi yake ni chumba kimoja na kompyuta. Kila mwisho wa mwezi, ninapoandaa orodha ya mishahara, kuna mstari mmoja unaozua ubishi usiolingana kabisa na udogo wake, nao ni mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunauita WCF. Wateja wangu wengi wanauhesabu kuwa kodi nyingine tu, na kwa kuwa wameuweka kwenye fungu la kodi, wanatafuta namna ya kuupunguza kwa njia ileile wanayopunguzia kodi, yaani kwa kuandika mishahara midogo kuliko wanayolipa. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa sababu mchango huu ni bima, na thamani ya bima hii inapimwa kwa kile kile kiasi wanachokificha.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, ingawa Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Kabla ya hapo tuliendelea kutumia sheria iliyoachwa na mkoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000, kiasi ambacho kwa fundi aliyepoteza mkono hakikutosha hata nauli za kwenda na kurudi hospitali. Msingi wa mfumo mpya si mpya sana, kwani Ujerumani iliuweka katika sheria mwaka 1884, miaka kadhaa kabla Wajerumani hawajajenga boma lao hapa Arusha. Msingi wenyewe ni kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri ndipo alipwe. Inatosha kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Mwenye karakana ndogo anapaswa kuuelewa msingi huu kabla ya kulalamikia mchango, kwa maana bila Mfuko, ajali moja ya mashine ya kupasulia mbao ingeweza kumaliza mtaji wake wote.

Kuhusu viwango, mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara anayolipa, kikashuka hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mchango wote ni wa mwajiri, na ni kosa kumkata mfanyakazi hata shilingi moja kwa ajili yake. Watu huchanganya pia mchango huu na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo humgusa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Katika fidia hakuna kizingiti cha namna hiyo: ukiwa na mfanyakazi mmoja Tanzania Bara, wewe ni mwajiri na unatakiwa kujisajili. Asiyejisajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Tuchukue fundi seremala wa Pasua, mtaa wa Moshi, ambaye kwa kweli analipwa shilingi 700,000 kwa mwezi, lakini kwenye karatasi ameandikwa 400,000. Mchango wake halali wa mwezi ni shilingi 3,500. Mwajiri wake analipa 2,000. Ameokoa shilingi 1,500. Siku randa ya umeme itakapomkata fundi huyo vidole na daktari akasema apumzike, sheria inampa asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi kwa kipindi cha ulemavu wa muda, ambacho kinaweza kufika miezi 24. Asilimia 70 ya mshahara wake wa kweli ni shilingi 490,000. Asilimia 70 ya mshahara ulioandikwa ni shilingi 280,000. Kwa hiyo, kila mwezi atakaokaa nyumbani na bandeji, fundi atapungukiwa shilingi 210,000 ili bosi wake aokoe shilingi 1,500, na pengo hilo halitazibwa na mtu yeyote isipokuwa bosi mwenyewe, kama ana moyo huo na kama ana hela hiyo.

Mambo hayaishii hapo, kwa sababu mapato hayohayo ndiyo yanayotumika iwapo ulemavu utakuwa wa kudumu. Ulemavu ukizidi asilimia 30 mhusika hulipwa pensheni ya kila mwezi, na usipozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Akifariki, mjane na watoto hulipwa kwa hesabu inayoanzia mahali hapohapo. Sheria ina viwango vya chini na vya juu vinavyorekebisha hesabu hizi pembeni, lakini fundi wa kawaida yuko katikati, na huko katikati kila shilingi iliyofichwa inamfuata yeye na wanawe kwa miaka.

Nakubali kwamba karibu hakuna mwajiri anayeficha mshahara kwa ajili ya hizo shilingi 1,500. Anaficha kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako asilimia 20 ya mshahara inatakiwa ipelekwe kila mwezi, na kwa ajili ya kodi ya mapato ya mfanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe mara nyingi anaunga mkono, kwa kuwa anataka hela yote mkononi. Siwezi kuandika mshahara mmoja kwa NSSF na mwingine kwa WCF, na wateja walioniomba nifanye hivyo wanajua nilichowajibu. Ninachowaambia ni kwamba wanapopiga hesabu ya faida ya kuficha, wasiisahau ajali, maana karakana yenye msumeno wa duara na grenda mbili haiendeshwi miaka kumi bila mtu kuumia.

Suala gumu zaidi ni la vibarua, na hapa kwetu chini ya Kilimanjaro lina sura ya pekee. Kampuni ndogo ya utalii inaweza kuwa na waajiriwa watatu wa kudumu, kisha likija kundi la wageni wa njia ya Machame ikachukua wapagazi thelathini, hao tunaowaita wagumu, kwa safari ya siku saba. Mmiliki atakwambia hao si wafanyakazi wake, kwamba ni watu wa safari tu, hawana mkataba. Lakini mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, na malipo yanaweza kuwa ya siku au ya kipande, bila kubadilisha uhusiano wenyewe. Aidha, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaorodhesha dalili za kumhesabu mtu kuwa mwajiriwa, na dalili moja tu inatosha mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Miongoni mwake ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mtu mwingine, kutumia vifaa vyake, na kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mgumu anayepanda na kampuni moja kila wiki mbili, akibeba mahema ya kampuni na kuamshwa na mwongozaji wa kampuni, sioni anaponyokaje katika dalili hizo.

Gharama yake ni ipi? Tuseme mgumu analipwa shilingi 20,000 kwa siku. Kwa siku saba ni shilingi 140,000, na mchango wake ni shilingi 700, bei ya soda. Kwa wagumu wote thelathini ni shilingi 21,000, katika safari ambayo mgeni mmoja peke yake amelipa mamilioni. Cha ajabu ni kwamba makampuni hayohayo huwadai wageni waonyeshe bima ya kuokolewa mlimani kabla hawajafika getini, halafu mtu aliyebeba kilo 20 za mizigo yao kwenye baridi na hewa nyepesi hana jina lake popote isipokuwa kwenye daftari la getini. Ukiwalipa kwa fedha taslimu, andika majina, siku na kiasi, uwasainishe, na uwaingize kwenye orodha ya mishahara ya mwezi huo.

Ajali ikitokea, kazi ya kwanza ni kumfikisha majeruhi hospitali, na ya pili ni kutoa taarifa. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba baada ya kujua, na dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12. Siku saba ni chache kuliko zinavyosikika, hasa kama mtu amelazwa KCMC au Mount Meru na ndugu wanapiga simu kila saa. Nimeona mara nyingi mmiliki akikimbilia kulipia matibabu mwenyewe, akaipa familia kiasi fulani, wakakubaliana kwamba yameisha. Hayajaisha. Jeraha likigeuka kuwa ulemavu miezi minane baadaye, hakutakuwa na taarifa ya ajali, hakutakuwa na maelezo ya mashahidi, na daktari atakayetakiwa kupima kiwango cha ulemavu hatakuwa na karatasi ya siku ya kwanza. Chukua maelezo ya waliokuwepo siku ileile, tunza nakala za vyeti vya hospitali, na hakikisha mkataba na kumbukumbu za malipo zipo mahali unapoweza kuzifikia.

Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yanafidiwa, ila hayo ni magumu kuyathibitisha kwa kuwa hayana siku ya kutokea. Wanaosaga na kukata vito hapa mjini, kama ilivyo kwa wachimbaji wa Mirerani, wanavuta vumbi la mawe linaloharibu mapafu taratibu kwa miaka, na kufikia wakati kifua kinaanza kubana, mtu ameshapita kwa waajiri watatu. Kwao, vipimo vya afya wakati wa kuajiriwa, ambavyo wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, huvidai chini ya sheria ya mwaka 2003, ndivyo vinavyoweza kuonyesha tatizo lilianzia wapi.

Linabaki swali ambalo wateja wangu hulisahau, na linawahusu wao wenyewe. Mwenye karakana aliyesajili biashara kwa jina lake hana aliyemwajiri, hivyo Mfuko haumlindi, hata kama anashinda kwenye mashine pamoja na vijana wake na vidole vyake viko karibu na msumeno kama vya kwao. Huyo anahitaji bima ya ajali binafsi kutoka kampuni ya bima, na asome vizuri jedwali la viungo na kiasi kinacholipwa kwa kila kimoja kabla ya kusaini, kwa sababu wakala atamweleza zaidi kuhusu kifo kuliko kuhusu kidole gumba. Bima hiyo haichukui nafasi ya mchango wa wafanyakazi, na mchango wa wafanyakazi hauchukui nafasi yake. Katika vitabu vyangu naziandika kwenye mistari miwili tofauti, mchango ukiwa gharama ya biashara, na bima ya ajali nikiiweka kwenye matumizi binafsi ya mmiliki.