Achari za embe kwenye mbio za Petra

Kila mtu aliniambia joto si kitu kwangu, ati mtoto wa Mombasa nimezaliwa ndani ya joto, jangwa litanifanya nini. Grupu letu la mbio lote lilikua na wimbo huo mmoja, mpaka kocha. Hii ni kabla ya korona, kakangu alikua afanya kazi hotelini Aqaba, Yordani, ndo yeye alonitumia linki ya marathoni ya Petra, ule mji wa kale ulochongwa kwenye majabali, kilomita 42 za korongo na jangwa, akasema malazi juu yangu we tafuta tikiti.

Sasa kujiandaa na milima ukiwa Mombasa ni kichekesho, mlima wetu ni Daraja la Nyali. Nlikua nalipanda na kulishuka baada ya swala ya alfajiri mpaka makondakta wa matatu wakanizoea, wanipigia kelele "dada, leo mara ya ngapi hiyo?" Mchanga ndo tunao. Maji yakitoka twashuka pwani Nyali na kocha atulazimisha kukimbia ule laini wa juu, ule mgumu wa karibu na maji alikua asema ni wa watalii.

Ambalo hakuna alieniambia ni baridi. Wadi Musa, ule mji wa mlangoni mwa Petra, uko mita elfu na kitu juu ya bahari, na alfajiri ya Septemba mimi nilikua natetemeka, nimevaa jaketi la kakangu na leso juu yake, wenzangu wa Ulaya wako na fulana za mikono mifupi wajinyoosha misuli kama kawaida.

Siq tulipita kungali na kiza kiza. Ni ufa kwenye jabali, urefu wake kama kilomita 1.2, kuna mahali upana haufiki hata mita nne, na kuta zapanda juu mpaka shingo ikuume. Mimi nimekulia vichochoro vya Mji wa Kale kwa hivo kubanwa na kuta hakukunitisha, nlijiona niko kwetu. Saa yangu ya GPS ndo iliyochanganyikiwa, setilaiti haikuziona kule chini, ikanionyesha nimesimama kisha nimeruka. Ubavuni mwa kuta kuna mifereji imechongwa kwenye mawe, Wanabatea, watu wa zamani walojenga Petra, waliitoboa zaidi ya miaka 2,000 ilopita kuleta maji mjini, na wakajenga na bwawa pale mlangoni kuzuia mafuriko. Kakangu alikua ashanihadithia kua mwaka 1963 mvua ilinyesha na watalii zaidi ya ishirini wakafa maji humo humo ndani, jangwani, hebu fikiria. Nlikua nafikiria hilo ndo mara ufa ukafunguka, Khazneh, lile jumba maarufu la Petra, ile pale usoni, karibu mita 40 kwenda juu, yote imechongwa kwenye jabali moja la rangi ya waridi. Watu walisimama kupiga picha, na mimi pia, nani atanilaumu.

Basi tukayapita makaburi na lile jumba la michezo la kuchongwa, tukatokea jangwani, na jua likatoka. Hapo ndo nlijua joto la kwetu na la kule hayajuani. Mombasa saa moja asubuhi jasho ladondoka kwenye viwiko manake hewa ishajaa maji ya bahari, jasho halina pa kwenda. Kule hewa kavu yalinywa kabla hujaliona, wajiona mkavu, safi kabisa, na kumbe wamalizika. Nlijipangusa uso nikakuta chenga chenga za chumvi, na mikono ya blauzi yangu nyeusi ishakua na ramani nyeupe.

Na ukinywa maji matupu mengi ndo mbaya zaidi, chumvi ya damu yashuka, kichwa chauma, kichefuchefu, watu washakufa kwa hilo kwenye marathoni. Wenzangu walikua na jeli na vidonge. Mimi nlikua na achari. Mamangu alimfungia kakangu mfuko mzima wa achari za embe, zile nyekundu kabisa za chumvi na pilipili, pamoja na mabuyu, na mimi nkachota mkono mmoja nkatia mfukoni. Nafyonza moja, nanywa maji, nasonga.

Mbele nkamkuta mama mmoja Mjerumani, rika la mamangu, amekaa juu ya jiwe kigimbi kimemkaza hata hawezi kunyoosha mguu. Nkampa achari. Alikunja uso wote, akakohoa pilipili, akatoa mkono nimpe nyingine. Tukaenda polepole pamoja mpaka kituo cha maji, na kijana wa huduma ya kwanza kutuona tu akaruka kwenye kiti, manake vidole vyekundu, midomo myekundu, meno yote myekundu. Ashika tochi anifunue mdomo, auliza damu, damu? Kiarabu changu ni cha madrasa, embe sikufunzwa. Nkatoa achari moja nkamtilia mkononi. Akaionja, akafumba macho, akamwita mwenzake.

Mlima uliofuata sitauongea sana, ila Daraja la Nyali lilinidanganya. Kwa mbali nkaliona jabali la Nabii Harun na lile kuba jeupe juu kileleni wanakoamini ndiko alikozikwa, nkamtolea salamu huku natembea, manake kukimbia kulikua kushakwisha. Yule mama wa Kijerumani alinipita kwenye mteremko, kigimbi kishapona, anipungia mkono. Sikufurahi hata kidogo.

Nlimaliza kwa masaa sita na ushei. Jioni nkampigia mamangu video nimeshika medali, yeye yuko jikoni akaanga mahamri, akatizama akatizama, akaniuliza:

"Na wamekupa shilingi ngapi?"

Nkamwambia mama, mimi ndo nliolipa kukimbia.

Kimya. Kisha akasema, "Hebu nipe kakako simu."