Nguvu reaktivu siyo umeme uliopotea

Kazi yangu ni mota, hasa za mashine za kusaga mahindi hapa Lubumbashi, na inaniuma nikisikia nguvu reaktivu ikiitwa hasara. Mota haizunguki bila sumaku. Kwenye kila fezi, nishati huingia kwenye koili ikajenga sumaku hiyo, kisha ikarudi kwenye waya: nguvu hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo reaktivu. Kwa umeme wetu wa hetzi 50, huenda na kurudi mara 100 kwa sekunde. Haisagi hata punje moja, lakini bila hiyo hakuna unga.

Shida ni njia inayopita. Safari hizo zote hupitia waya zilezile za kilowati, yaani nguvu inayosaga kweli, na waya hupata moto.

Mama mmoja mwenye mashine Katuba aliniita kwa sababu kebo yake ilikuwa inachemka. Mota ilikuwa inavuta kilowati 11 kwa volti 400, cos φ (sehemu ya nguvu inayovutwa inayofanya kazi kweli) 0,7: karibu ampea 23 kwa kila fezi. Tukafunga kapasita, vifaa vinavyohifadhi nishati kidogo na kuirudisha, za kvar 7,5 (kvar ni kipimo cha nguvu reaktivu) kwenye boksi la kuwashia, mita chache kutoka kwenye mota. Cos φ ikafika 0,95, ampea za kebo zikashuka hadi karibu 17. Moto wa waya hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo ulipungua karibu nusu. Mahitaji ya mota hayakubadilika; sasa inayapata jirani, kwenye kapasita. Sikutafuta cos φ ya 1 kamili: kapasita zikizidi, mota iliyokatiwa umeme ikiwa bado inazunguka inaweza kujizalishia volti za hatari.

"Basi fundi, na bili itapungua nusu?"

Hapana, Mama. Mita yake inahesabu kilowati-saa tu, kwa hiyo atakachookoa ni ule moto wa kebo, kidogo sana. Ndiyo maana viboksi vya kuchomeka ukutani vinavyoahidi kushusha bili ya nyumbani siviamini.

Hata laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1.700, ilijengwa kwa umeme wa mkondo mmoja (DC). Kwa umbali ule, umeme wa kwenda na kurudi (AC) ungesumbuliwa mno na nguvu reaktivu ya laini yenyewe.

Wenye mashine, kabla ya kapasita angalieni ukubwa wa mota. Wengi hununua kubwa mno "isichoke". Ikizunguka bila mzigo, kilowati zinashuka sana lakini sumaku inadai karibu kiasi kilekile, na cos φ inaanguka chini ya 0,3.