Hema la kilo moja na robo kutoka mitumba

Mtu akishalala nje usiku mmoja tu, basi, ni mtaalamu wa mahema. Nilipoanza kupanda milima na begi mgongoni nilishauriwa na kila aina ya watu, na karibu kila ushauri ungenimalizia pesa au ungenimaliza mimi mwenyewe. Jamaa mmoja aliapa kuwa bila hema la Dyneema kutoka Marekani sitapata usingizi. Sikatai, kitambaa hicho ni kizuri: chepesi mno, hakinywi maji, na kikilowa hakilegei. Lakini hema lake moja ni mamia ya dola kabla hujafikiria usafiri na ushuru, na mimi ni mwalimu.

Mwingine akaniazima hema lake la supamaketi, lile la mviringo linaloitwa la watu wanne. Kabla ya kulibeba nililipitisha kwa bucha ninayenunua nyama hapa Nakuru, akaliweka kwenye mizani. Kilo nne na nusu. "Mwalimu, hii ingekuwa nyama ungelisha ukoo mzima," akaniambia. Tangu siku hiyo sinunui kitu cha safari bila kukipima pale, pamoja na vigingi, kamba na mfuko wake. Uzito unaoandikwa kwenye kibandiko mara nyingi huacha hivyo vitu nje, na mgongo hauviachi.

Halafu kuna Wekesa. Kwao ni Endebess, kwa hiyo hujiona mwenye Mlima Elgon. Yeye alisema mahema ni ya watalii. Tuchukue ile nailoni ya kuanikia mahindi, bei ya kutupwa, tuikunje tuende. Tukaingia kwa lango la Chorlim tukiwa na askari wa mbuga wa kutusindikiza, tukapanda mpaka kwenye nyasi ndefu chini ya kilele cha Koitobos, ambacho kina mita 4,222. Kamba tukaifunga kati ya fimbo mbili, nailoni juu yake. Wekesa akasisitiza tuzibe pande zote kwa mawe hadi chini, "baridi isipate pa kupitia." Na kweli, saa ya kwanza kulikuwa na joto zuri. Akawa anajisifu kwa sauti ili afande asikie kutoka kwenye hema lake.

Usiku wa manane tone likaniangukia kwenye paji la uso. Lingine sikioni. Nikapapasa begi la kulalia, limelowa mabegani. Wekesa naye akaamka akilaani mvua. Nilipotoa kichwa nje, nyota zilikuwa zimejaa mbingu nzima na nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Afande alikuwa nje akiota moto.

"Afande, mvua imekatika saa ngapi?"

"Mvua gani, Mwalimu?"

Ilikuwa pumzi yetu. Watu wawili wakipumua usiku kucha wanatoa maji ya kutosha kujaza bilauri, na mvuke ukigusa nailoni iliyopoa hugeuka maji na kukurudia. Tukafungua upande mmoja, upepo ukaingia, na nailoni ikaanza kupiga makofi hadi alfajiri. Wekesa mpaka leo anasema ni wingu lililopita.

Usiku huo ndio ulionionyesha cha kutafuta: paa linaloacha hewa ipite chini, chandarua ndani yake badala ya ukuta wa pili, na nguzo ziwe zile fimbo ninazotembelea. Katika mahema ya bei nafuu uzito mwingi uko kwenye nguzo na sakafu nene. Sasa mbona nizibebe?

Hapo ndipo mitumba ilipoingia. Hema lililopoteza nguzo halina mnunuzi. Muuzaji analirusha pembeni, na ukiliulizia anakuangalia kwa huruma. Mimi hayo ndiyo niliyoyataka. Nilikuwa nikivuta kitambaa cha nje, nakiinua juani kutafuta matundu, kisha nakinusa. Kikinuka kama matapishi na kinanata vidoleni, kiache hapo hapo, utando wa kuzuia maji umeshaoza na hakuna fundi wa kuurudisha. Kikipita pua, nilikikunja mfano wa bakuli, nikamimina maji kidogo, nikaendelea kubishana bei. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua au kufua. Bei tukimaliza na chini bado ni pakavu, nalipa. La kwangu lilinigharimu kama nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, na soda juu.

Mama Shiko wa cherehani alilikata likawa paa la mita tatu kwa mbili na nusu hivi, akatia viraka vya mkanda wa begi la shule kwenye pembe. Alitaka kuweka vitanzi vingi katikati nikamkataza, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Pakihitaji kamba ambapo hakuna kitanzi, chukua kokoto laini, iviringe na kitambaa kutoka ndani, funga shingo yake kwa kamba kutoka nje. Hakuna tundu, na hushika kuliko uzi.

Mishono niliipaka silikoni ya dirisha kutoka hadiwea, ile isiyo na rangi, nikaizimua kwa tapentaini mpaka ikapakika kwa brashi. Kabla hujaharibu pesa bandika selotepu kwenye kitambaa: ikikataa kushika, kina silikoni, na silikoni hushikwa na silikoni tu. Ikishika, tafuta gundi ya poliuretheni.

Majaribio nilifanyia Menengai, kwenye ukingo wa kreta, kwa sababu upepo wa pale hauna adabu. Upande wa upepo nashusha hadi karibu na ardhi, wa pili naacha wazi. Kitambaa cha hema cha nailoni kikilowa hulegea, kwa hiyo kabla ya kulala tokea nje ukaze kamba tena. Usilale bondeni kando ya mto kwa sababu ya maji ya kuchota. Baridi na unyevu hutuama huko. Na kwenye msitu wa Kakamega usithubutu kulala chini ya paa tupu lisilo na chandarua chenye sakafu. Siafu hawabishi hodi.

Bucha alipopima kila kitu, chandarua, vigingi na kamba, ikaja kilo moja na robo. Hakuamini, akafuta sahani ya mizani akapima upya.

Wekesa sasa anataka nimshonee la kwake. Nimemwambia nguzo asinunue, awahi sokoni asubuhi marobota yakifunguliwa, na abebe chupa ya maji.