Rangi za Udongo wa Kondoa katika Masomo ya Darasa la Tatu

Shule ninayofundisha iko wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, mahali ambapo udongo ni mwekundu kiasi kwamba soksi nyeupe za sare hazibaki na weupe wake hata wiki moja. Ninafundisha Darasa la Tatu, na darasa langu halijapata kuwa na wanafunzi chini ya sabini. Katika hali hiyo somo la Sanaa na Michezo, ambalo limepewa nafasi yake katika mtaala ulioboreshwa mwaka 2023, hugeuka kwa urahisi kuwa kipindi cha kuchora ua na bendera kwa penseli huku mwalimu akisahihisha madaftari ya Hisabati. Fedha za ruzuku zinapofika hununua chaki na karatasi za mitihani. Rangi za maji za dukani hazimo kwenye orodha, wala sioni kwamba zinapaswa kutangulia mbele ya vitabu. Ninaeleza hapa namna nilivyoweza kuendesha kazi za sanaa kwa kutumia udongo tunaoukanyaga, na namna kazi hizo zilivyobeba mada za Sayansi, Hisabati, Kiswahili, Jiografia na Historia bila kuongeza kipindi hata kimoja kwenye ratiba.

Nilianza kwa kujiwekea sharti moja ambalo bado ninalifuata. Kabla ya kuandika kazi yoyote ya sanaa kwenye andalio la somo, hujiuliza ni kitu gani katika mada hiyo ambacho mtoto hawezi kukitambua kwa kusikiliza peke yake, hata kama mwalimu anaeleza vizuri. Kama hakipo, siweki sanaa. Mtoto anayepaka rangi picha ya ng'ombe baada ya somo la wanyama wafugwao amefurahi, lakini hajajifunza lolote kuhusu ng'ombe ambalo hakulijua alipokuwa akichunga. Mada ya aina za udongo ilinifaa sana kwa sababu watoto hukariri kwamba kuna kichanga, tifutifu na mfinyanzi, kisha ukiwapa udongo mkononi hawajui ni upi.

Kwa hiyo kila kikundi kilileta udongo kutoka mahali pake: ukingo wa korongo, shambani, kando ya kichuguu, kwenye mto uliokauka. Niliwaonya mapema wasichimbe karibu na vyoo wala majalalani. Tuliujaza udongo hadi theluthi moja ya chupa za plastiki zenye kuonesha ndani, tukaongeza maji, tukatikisa, tukaziweka dirishani. Mchanga ulishuka chini mara moja, chembe laini zaidi zikafuata polepole, na maji ya mfinyanzi yalibaki na rangi ya chai hadi kesho yake. Kazi ya sanaa ilikuwa kuichora chupa jinsi ilivyo, kwa kupima kila tabaka kwa rula na kulihamishia kwenye karatasi kwa kipimo kilekile. Watoto ambao kwa kawaida humaliza mchoro kabla sijageuka ubaoni walirudi dirishani mara kwa mara, kwa sababu tabaka walilolipima asubuhi lilikuwa limeongezeka unene kufikia mchana. Hapo ndipo walipoelewa kwamba mfinyanzi una chembe ndogo mno, na sikuhitaji kuwaambia.

Maji yale mekundu yaliyobaki juu ndiyo yaliyotupa rangi. Mtu akiyamimina taratibu kwenye beseni na kuuacha mchanga chini, kisha akayaacha yatulie na kuyamwaga maji masafi, hubaki na tope laini linalokauka na kuwa unga usio na punje. Mwanzoni nilikuwa na mpango wa kuponda udongo mkavu kwenye kinu na kuupitisha kwenye chekeche. Bibi wa mmoja wa wanafunzi, ambaye amekandika nyumba za tembe tangu usichana wake na ambaye nilimwalika atueleze udongo unavyoandaliwa, aliusikiliza mpango huo hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, ukiuponda mkavu watoto watakula vumbi. Uloweke, ulale na maji, wenyewe utajichagua." Tulifuata njia yake, na ni bora kwa kila hali: haina vumbi, haihitaji kinu, na kila hatua yake ni somo la kutenganisha mchanganyiko. Watoto walimwamkia shikamoo kwa sauti moja, wakamuuliza maswali ambayo mimi sikuyafikiria, likiwamo la kwa nini ukuta wa tembe hupasuka. Aliwajibu kwamba udongo wenye mfinyanzi mtupu hujikunja unapokauka, ndiyo maana huchanganywa na mchanga au majani makavu. Maelezo hayo yalitufaa tena baadaye tulipoona rangi iliyopakwa nene ikipasuka juu ya boksi.

Unga wa udongo ukichanganywa na maji matupu hupukutika mara tu picha inapokauka, hivyo unahitaji gundi. Kwetu miti ya migunga ipo ya kutosha, na gundi inayotoka kwenye magome yake huyeyuka ndani ya maji ikilowekwa usiku kucha. Isipopatikana, uji mwepesi wa unga wa muhogo hufanya kazi hiyo, ingawa huchacha baada ya siku mbili na kunuka. Swali la gundi kiasi gani na udongo kiasi gani ndilo lililopokea vipindi vya Hisabati. Kila kikundi kilipewa kijiko na jukumu la kujaribu vipimo tofauti, kisha kuandika matokeo kwenye jedwali: vijiko vitatu vya udongo kwa kimoja cha gundi, viwili kwa viwili, kimoja kwa vitatu. Darasa langu lilikuwa limetoka kusoma robo na nusu kwa kugawa duara ubaoni, na wengi waliweza kutia kivuli robo ya duara bila kujua inahusu nini. Walipotakiwa kusema ni sehemu gani ya mchanganyiko wao iliyo gundi, wengi walijibu theluthi, kwa kuwa waliona kijiko kimoja kikikabili vitatu. Tulivihesabu vijiko vyote vinne mbele ya darasa hadi jibu la robo likawa lao. Ninaamini kosa hilo haliwezi kuonekana kwenye duara la ubaoni, kwa sababu duara huwa tayari limegawanywa na mwalimu.

Kupata rangi nyingi kutoka kwenye udongo mmoja ni jambo ambalo watoto walilipenda kuliko yote. Nyeusi ilitoka kwenye mkaa uliosagwa ukiwa umeloweshwa, na nyeupe ilitoka kwenye udongo mweupe unaochimbwa kandokando ya bonde. Chokaa ya dukani sikuiruhusu kwa sababu huunguza ngozi na macho. Udongo wa njano tuliupata mahali pamoja tu. Sehemu yake niliikaanga mwenyewe kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa, watoto wakiwa wamesimama mbali kidogo, na baada ya muda ukageuka mwekundu mbele ya macho yao. Kisa chake ni kwamba unjano huo hutokana na madini ya chuma yaliyoshikamana na maji, na moto ukiyafukuza maji hayo hubaki chuma chenye kutu nyekundu, ileile inayoipa ardhi ya Kondoa sura yake. Niliwaeleza kwa maneno machache, kisha nikawaacha waandike. Kila mmoja aliandika maelekezo ya kutengeneza rangi moja, kwa sentensi zinazofuatana, na mwenzake wa kikundi kingine akajaribu kuitengeneza kwa kuyasoma maelekezo hayo bila kuuliza. Mwandishi aliyesahau kuandika "koroga" aliona rangi ya mwenzake imekaa vipande vipande. Nimefundisha matumizi ya kwanza, kisha, halafu na mwishoni kwa njia nyingi, na hakuna iliyowafanya watoto wasahihishe kazi zao kwa hiari kama hii.

Si wazazi wote waliofurahi. Baba mmoja alifika ofisini akiwa amekasirika, akasema kwamba mtoto wake ameletwa shule asome, kuchimba udongo anaweza kuchimba nyumbani. Nilimkaribisha kiti, nikamwita mtoto aje na daftari lake la Kiswahili, akatusomea maelekezo aliyoyaandika. Mzee alisikiliza, akaomba asomewe tena, na tangu siku hiyo amekuwa akitutafutia maboksi mjini. Wazazi wengine wachache waliomba, kwa sababu za dini, watoto wao wasichore watu na wanyama. Ombi hilo ni la haki na halikupunguza chochote, kwa kuwa watoto hao walipamba kwa mistari ya mikeka, na mistari hiyo ilitufaa katika kipindi cha mfuatano: nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyeupe, kisha mwanzo tena, na swali la rangi gani itaangukia nafasi ya ishirini bila kuipaka yote.

Tulipofika kwenye historia, tulikuwa na bahati ambayo shule nyingi hazina. Kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara iendayo Babati, kipo kijiji cha Kolo, na katika vilima vya eneo hilo kuna zaidi ya mapango 150 yenye michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watoto wangu wengi walikuwa wamewahi kusikia kwamba wazungu hupita kwenda kutazama mawe. Tulikwenda kwa utaratibu wa ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo, wazazi kadhaa wakatusindikiza, maana njia ya kupanda ni ya mawe na watoto wa umri huo hukimbia. Nilikuwa nimewafundisha masharti kabla: michoro haiguswi, haimwagiwi maji ili ionekane vizuri, na sehemu ambazo wenyeji bado wanafanyia matambiko huheshimiwa na kila mtu, wa dini yoyote.

Sikuwaambia watazame nini. Walikuwa wametengeneza rangi kwa mikono yao kwa wiki nyingi, na jambo la kwanza walilolijadili lilikuwa rangi. Waliona kwamba watu warefu wembamba na wanyama wamechorwa kwa wekundu na mistari myembamba, na kwamba michoro myeupe ni minene, baadhi yake ikionekana kupakwa kwa kidole. Mwongoza wageni wa mahali hapo aliwaeleza kwamba ile myekundu inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa matunda walioishi hapa zamani sana, na ile myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Mtoto mmoja akauliza wachoraji hao walipata wapi gundi. Ni swali la mtu ambaye amekwisha kuona rangi yake ikipukutika.

Swali jingine watoto walirudi nalo kutoka Kolo: kwa nini rangi hizo hazijafifia. Tulilijibu darasani kwa jaribio. Tulipaka mistari ya udongo mwekundu, mkaa, manjano ya jikoni na maji ya majani ya mchicha kwenye kipande kimoja cha boksi, tukafunika nusu yake kwa boksi jingine, tukakiweka dirishani panapopiga jua. Manjano yalififia upesi upande ulio wazi, mchicha ukawa rangi ya majani makavu, na udongo na mkaa havikubadilika. Watoto walichora matokeo kila wiki, na kutokana na michoro hiyo wakaandika kwa maneno yao kwamba rangi za mimea huliwa na jua na rangi za madini hudumu, na kwamba mwamba uliojitokeza juu ya michoro uliizuia mvua isiioshe.

Kazi ya mwisho ilikuwa ramani ya kijiji kwenye boksi zilizounganishwa, kila eneo likipakwa kwa udongo uliotoka mahali penyewe. Makorongo yalijichora karibu yenyewe, maana ndiko udongo mwingi ulikochimbwa. Niliwatuma wakawaulize babu na bibi zao makorongo hayo yalikuwa wapi zamani, nao wakarudi na habari za mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na za mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililokuwa limeharibika zaidi ili ardhi ipumzike. Wazee wengine bado wanasikitikia ng'ombe wao, wengine wanaonesha vilima vilivyorudiwa na miti. Watoto walipaka kijani mahali walipoambiwa miti imerudi, na ikawabidi wakubaliane wapi hasa, jambo lililochukua kipindi kizima cha mabishano mazuri.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, jambo linalosumbua zaidi ni maji na kunawa mikono, kisha masika, kwa kuwa kuanzia Desemba tope halikauki na karatasi huota ukungu. Mimi hukausha unga wa kutosha kabla ya mvua na kuuhifadhi kwenye makopo yenye vifuniko. Brashi si tatizo: manyoya ya kuku na vijiti vilivyotafunwa ncha vinatosha, na karatasi ya ndani ya mifuko ya saruji, ikifutwa vizuri na mtu mzima, hupokea rangi kuliko daftari.

Kuhusu tathmini, siwapi alama kwa uzuri wa picha. Kila mtoto husimama na kazi yake na kueleza ametumia nini, kwa kipimo gani, na nini kilitokea. Mmoja alikuja na kilima kilichobanduka karibu nusu, akaeleza kwamba alipaka nene mno kwa udongo wenye mfinyanzi mtupu, kama ukuta wa tembe usiowekwa mchanga, na kwamba safari ijayo angepaka mara mbili nyembamba. Alipata alama zote.