Siku tuliyopeleka foili Mbeya

Wa kwanza kutukatalia alikuwa konda. Alifungua lile begi refu pale stendi ya Iringa, akaona vyuma vimelazwa pamoja, akarudi nyuma. "Nyie wanafunzi mnakwenda wapi na mapanga?" Kapteni wetu, kijana wa sheria kutoka Njombe asiyejua kunyamaza, akachomoa foili moja, yaani upanga mwembamba wa mchezo wa fensingi, akaikandamiza ncha kwenye tairi mpaka ikapinda, kisha akaiachia ikanyooka. Akamweleza kwamba haina makali, nchani ina kitufe, na nzima nzima haizidi gramu 500. Konda akaijaribu mwenyewe, akacheka. Begi likaingia buti, tukalilipia kama mzigo wa viazi.

Ilikuwa Novemba 2012. Aliyetuingiza kwenye fensingi ni mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aliyefundisha Kiingereza chuoni kwetu. Ujanani alichezea timu ya chuo kikuu kwao, na hakuchoka kusimulia: mashindano ya vyuo ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yaliyoanza 1941, jinsi tangu 1990 pointi za wanaume na wanawake wa chuo kimoja zinavyojumlishwa kugombea ubingwa mmoja, jinsi vyuo viwili vinavyokutana kwa foili, epe na seba, wachezaji watatu kila silaha, mapambano 27, anayefikisha 14 kashinda. Tulimsikiliza kwa adabu tu. Kilichotuamsha ni Olimpiki ya London mwaka huo, Alaaeldin Abouelkassem wa Misri alipofika fainali ya foili. Alifungwa 15–13 na Lei Sheng wa China, lakini ile fedha ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Mwafrika katika mchezo huo. Baada ya hapo hakuna aliyetega mazoezi.

Mbeya kulikuwa na rafiki yake mwalimu aliyekuwa akifundisha kikundi kama chetu, ndipo wakakubaliana tukutane. Epe na seba hatukuwa nazo, kwa hiyo ikawa foili peke yake: watatu wetu, watatu wao, kila mmoja akutane na wote watatu. Mapambano tisa, anayetangulia kufika miguso 5 ameshinda.

Mvua ilitupokea Uyole na kutusindikiza hadi mjini. Mlima Loleza wala haukuonekana. Bwalo la chakula lilikuwa limesukumwa meza pembeni, ukanda wa mita 14 umechorwa chaki sakafuni, na watu wamejaa mpaka madirishani. Nadhani walitarajia sinema. Pambano la kwanza liliisha kabla wengine hawajapata pa kusimama. La pili, mtu wetu akapigwa puu kwenye barakoa, ukumbi mzima ukaruka, refa akatikisa kichwa. Kwenye foili kinachohesabiwa ni kiwiliwili. Kichwa, mikono na miguu havimo. Mpishi mmoja mtu mzima akauliza kwa sauti, "Sasa kichwani si ndiko kupigwa kwenyewe?" Hakuna aliyemjibu.

Mashine ya umeme ya kuonyesha miguso hatukuwa nayo. Olimpiki zilianza kuitumia kwa foili mwaka 1956. Sisi tulihukumu kama walivyohukumu wa kabla ya hapo. Refa anasimama katikati, waamuzi wanne pembeni, wawili wanamtazama mchezaji huyu, wawili yule. Mguso ukitiliwa shaka, refa anauliza. Kura ya mwamuzi ni moja, ya refa ni moja na nusu, na asiyeona anaruhusiwa kusema hakuona. Mimi nilikuwa mwamuzi. Ni kazi ya lawama, macho yanauma, na hakuna anayekupigia makofi.

Tulikuwa tumeshafungwa 6–2 lilipofika pambano la mwisho, kapteni wetu na binti mmoja wa Mbeya, mfupi, mwepesi, mkono wake wa kukinga hauonekani unapopita. Kombe halikuwepo, matokeo yalishajulikana, lakini watu walipiga kelele kuliko mwanzo. Wanafunzi wachache wa Kihehe wakaanza kuimba "Mkwawa! Mkwawa!", ingawa kapteni mwenyewe ni Mbena. Wakafika 4–4. Kapteni akasukuma shambulio, binti akakinga, mikono ikapishana, wakagongana mabega. Refa akasimamisha. Mwenzangu, wa Mbeya, akasema hakuna mguso. Mimi mgongo wa kapteni ulinizuia, nikasema sikuona. Refa naye akasema hapana, akawaamuru warudi kwenye mistari yao.

Binti hakurudi. Alivua barakoa, akainua mkono wake wa kushoto na kugusa ubavu. "Amenigusa. Hapa."

Ukumbi ulimgeukia. Wenyeji wake ndio waliokuwa wakali zaidi: "Dada, we vipi? Refa kashakataa!" Akawatazama bila haraka. "Mmeguswa nyie au nimeguswa mimi?" Yule mwamuzi mwenzangu alikunja uso kweli kweli. Refa akaandika 5–4 kwa Iringa, wakapeana mikono, tukaenda kula chipsi na maharage ya yule mpishi, ambaye bado alikuwa na hoja yake kuhusu vichwa.

Kesho yake kwenye basi kapteni alidai kwamba hata binti angenyamaza, mguso uliofuata ungekuwa wake. Alidai hivyo Igawa, akadai Makambako. Nilimkumbusha kwamba mapambano yake mawili ya kwanza alifungwa na watu walioanza kujifunza baada yake. Akahama kiti.