Upunga mmoja wa mnazi: kumbukumbu ya miezi minane

Mradi huu ulianza kwa ombi. Mzee anayegema minazi ya shamba letu, nje kidogo ya Malindi kwa upande wa Mambrui, alikuwa amekwisha kulichagua karara (ala inayofunika upunga, yaani shada la maua) la mnazi mchanga ulio karibu na kisima, mnazi ambao bado unafikiwa kwa ngazi, nami nikamsihi asilitie kotama. Upunga unaogemwa hutoa tembo na hauzai nazi, kwa hiyo nilikuwa ninamwomba kitu chenye thamani. Akaniuliza, "Mwanangu, wataka kulifanyia nini?" Nikamjibu kuwa nataka kuifuata nazi tangu inapotungwa. Akakubali, kwa sharti nimwonyeshe kila nitakachokiona.

Tarehe 9 Novemba karara lilipasuka kwa urefu wake na upunga ukachomoza. Mnazi hubeba maua dume na maua jike kwenye upunga mmoja, lakini hayafanani hata kidogo. Maua jike ni vitufe vya duara vilivyokaa kwenye mashina ya vitawi; nilivihesabu vikawa 31. Maua dume ni madogo, yamepangana hadi ncha za vitawi, nayo ni mengi mno kuhesabika. Nilipolifungua moja kwa ukucha nilikuta stameni sita, yaani viungo vya kiume vya ua, na unga mwepesi wa manjano ukanibakia kidoleni. Unga huo ndio chavua, na kila punje yake hubeba upande wa kiume wa uzazi.

Kwa muda wa siku 18 hivi maua dume yalifunguka na kupukutika, yakianzia nchani na kuteremka, na wakati wote huo vitufe vilikuwa vimejifunga. Katika minazi mirefu, ambayo ndiyo iliyojaa pwani yetu, kwa kawaida zamu ya dume humalizika kabla stigma za maua jike, yaani ncha zinazopokea chavua, hazijawa tayari, ndiyo maana ua jike huitegemea zaidi chavua ya mnazi mwingine, iletwe na nyuki au na upepo. Minazi ya mbegu fupi ni tofauti: zamu hizo mbili hukutana, na mti huweza kujichavusha wenyewe.

Kabla ya vitufe kufunguka nilichagua sita, nikakata maua dume yote ya vitawi vyake, na kila kitufe nikakifunika kwa mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo kuliko nyuki. Tarehe 30 Novemba nilipochungulia, vidole vitatu vya stigma vilikuwa vimefunuka kwenye kichwa cha kila kitufe, na juu yake kumetuna matone ya maji matamu yanayong'aa. Hali hiyo hudumu siku moja hadi tatu tu, kisha stigma hugeuka rangi ya kahawia na nafasi imepita. Niliharakisha kuleta chavua kutoka kwa mnazi wa jirani, nikaipaka kwa brashi laini kwenye vitufe vitatu, nikafunika tena. Vitatu vingine sikuvipa chochote.

Kufikia katikati ya Januari, kaskazi ikivuma, vile vitatu visivyopata chavua vilikuwa vimeanguka vyote. Katika vile nilivyovipaka, kimoja kilianguka na viwili vikawa vidaka vya kijani vilivyoshikamana vizuri. Katika vitufe 25 nilivyowaachia nyuki na upepo, vilibaki tisa. Mnazi huangusha sehemu kubwa ya maua yake jike hata mwaka ukiwa mwema, kwa hiyo vitufe sita haviwezi kuthibitisha jambo kubwa, lakini nilifurahi kupita kiasi.

Kilichonipa hamu ya kazi hii yote ni jambo lililoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1898, pale Sergei Nawaschin, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alipokuwa akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi. Chavua ikitua kwenye stigma huotesha mrija unaopenya hadi ndani ya ovari, sehemu ya ua jike inayogeuka kuwa tunda, na mrija huo hupeleka seli mbili za kiume, wala si moja. Ya kwanza huungana na seli ya yai na kuwa kiinitete. Ya pili huungana na viini viwili vilivyomo katika ovuli (mbegu changa) ileile, na muungano huo wa watu watatu, tuseme, huzaa chakula cha kumlea mtoto, kiitwacho endospemu. Katika mahindi na mpunga chakula hicho ni unga. Katika mnazi huanza kama maji. Maji ya dafu tunayoyanywa ni endospemu ambayo bado haijaganda, na nyama tunayoikuna kwa mbuzi ni endospemu iliyokwisha kujenga kuta za seli.

Mwanzoni mwa Juni, miezi sita tangu kuchavusha, niliangua kimoja kati ya viwili vyangu. Mzee alikikata kwa panga mbele yangu. Maji yalikuwa yamejaa hadi juu, na utando laini kama ute wa yai ulikuwa umeanza kwenye kitako, upande ulio mbali na macho ya nazi, wakati karibu na macho kifuu kilikuwa bado kitupu. Macho yale matatu ni alama ya vyumba vitatu vya ovari. Ni kimoja tu kilichokuza mbegu, na jicho lake ndilo laini. Nilimweleza mzee, naye akanikumbusha kuwa hatua hizi zote zina majina: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hiki, akasema, ndiyo kwanza kinatoka kwenye ukitale.

Leo ni Julai, na cha pili kingali juu, kimefikia udafu. Sitakiangua. Mwezi wa Novemba kitakuwa nazi kamili, nami nitakilaza kwenye mchanga wenye unyevu kivulini hadi chipukizi litokee kwenye jicho laini, kisha nitapasua nazi nyingine iliyoota ili niliangalie joya, ile sifongo ambayo mche huitumia kuinyonya nyama ya nazi kutoka ndani.